Ukichagua "Yesterday", Umeshachagua na Kitenzi

Hotuba kwa walimu wa Kiingereza wa shule za msingi na sekondari, pamoja na vijana waliomaliza kidato cha nne. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyie vijana mliokaa nyuma: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Naomba tuanze na sentensi moja fupi: "Nimemwona jana." Kuna aliyeshtuka? Hakuna. Inasemwa sokoni, ofisini na barazani, na hakuna anayegeuka kumtazama aliyeisema. Sasa igeuzeni neno kwa neno iwe Kiingereza: "I have seen him yesterday." Hapo Mwingereza anakwama. Maneno yote anayajua, tahajia haina kasoro, lakini sentensi inajipinga yenyewe. Nusu ya kwanza inasema jambo hili halina tarehe, nusu ya pili inataja tarehe.

Kwa nini kwetu inapita na kwao inakwama? Kwa sababu Kiswahili kimeiweka saa yake ndani ya kitenzi. Tuna -li-, tuna -na-, tuna -ta-, tuna -me-, tuna -mesha-, tuna -ja-, tuna hu-. Silabi moja au mbili tu zinabeba wakati na hali yake, na kielezi, yaani neno la wakati kama "jana", kikija huwa ni nyongeza. Kiingereza hakiendi hivyo. Kwenye Kiingereza kielezi na kitenzi vinashikana mikono, na mara nyingi kielezi ndicho kinachoongoza. Ukichagua "yesterday", umeshachagua na kitenzi.

Sasa darasani tunafanya nini? Tunaandika ubaoni majedwali ya nyakati kumi na mbili, mtoto anayakariri yote, halafu mwishoni tunamwongezea orodha ya vielezi kama mchuzi juu ya wali. Ombi langu leo ni tugeuze mpangilio huo. Mtoto atazame kielezi kwanza. Kielezi kwanza, kitenzi baadaye.

Akishakiona kielezi, aulize nini? Aulize hivi: muda huu umefungwa, au bado uko wazi?

Muda uliofungwa ni kama "yesterday", "last week", "in 2021", "when I was a child", "ten minutes ago". Muda ulio wazi ni "today", "this week", "this year", "so far", "since Monday". Wengi wetu tulifundishwa kwamba "have" ni ya jambo lililotokea karibuni. Walimu wangu, kanuni hiyo imewapoteza watoto wengi. Dakika kumi zilizopita ni karibuni sana, lakini "I have seen him ten minutes ago" ni kosa. Na mzee aliyefika Mombasa miaka thelathini iliyopita anasema "I have been to Mombasa" na yuko sahihi kabisa. Umbali hauna kazi hapa. Mlango umefungwa au uko wazi, hilo ndilo linaloulizwa.

Chukueni habari ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ukitaka kusema tu kwamba ni mshindi wa tuzo hiyo, bila kutaja lini: "Gurnah has won the Nobel Prize." Ukitaja mwaka: "Gurnah won the Nobel Prize in 2021." Ukichanganya, "Gurnah has won the Nobel Prize in 2021", umevunja. Na swali je? Ni "When did he win it?" Neno "when" linadai tarehe, na tarehe ni mlango uliofungwa, kwa hiyo "When has he won it?" nayo haipo.

Tena maisha ya mtu yenyewe ni muda. Mwalimu Nyerere alitafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Mtoto akiandika "Nyerere has translated Shakespeare", hakutaja tarehe yoyote, lakini sentensi bado inachechemea. Mwalimu alifariki mwaka 1999, na muda wa yeye kutafsiri umefungwa. Kiingereza kinasema "Nyerere translated Shakespeare."

Sasa tazameni "this morning", maana hili ni neno la kinyonga. Likisemwa asubuhi, liko wazi: "I have seen the headteacher this morning." Likisemwa alasiri, limeshafungwa: "I saw the headteacher this morning." Kielezi ni kilekile, mtu ni yuleyule, jambo ni lilelile. Kilichosogea ni jua. Nitalirudia hili mwishoni, kwa sababu linafaa kufundishia kuliko jedwali lolote.

Wapo watakaosema: mbona Wamarekani kwenye filamu wanasema "Did you eat yet?" na "I just ate"? Ni kweli. Kwa "just", "already" na "yet", Mmarekani hutumia wakati uliopita pale ambapo Mwingereza angetumia "have". Mfundisheni mtoto hilo ili asishangae. Lakini hata Mmarekani hasemi "I have eaten yesterday."

Kabla sijatoka hapa, kuna kosa linalotuaibisha kwenye barua za kuomba kazi. Kijana amemaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita. Barua anaiandika vizuri, karatasi safi, jina la wilaya liko mahali pake. Aya ya kwanza: "I completed Form Four last two years." Limetoka wapi? Limetoka moja kwa moja kwenye "miaka miwili iliyopita". Lakini "last" peke yake haipokei hesabu. Ni "last year", "last week", "last Monday", basi, na haitaki "in" wala "on" mbele yake. Ukianza kuhesabu, neno ni "ago", nalo hukaa nyuma ya hesabu: "two years ago". Ukisema "the last two years", yenye "the", umetaja kipindi kizima kinachofika mpaka leo, nacho kinadai "have": "For the last two years I have worked in a shop." Kadhalika "wiki mbili zijazo" isiwe "I will come next two weeks", iwe "in two weeks".

Na "ago" huhesabu kutoka leo tu. Ukihesabu kutoka siku nyingine iliyopita, tumia "earlier" au "before", na kitenzi kirudi nyuma hatua moja zaidi. Mwalimu Nyerere alistaafu urais mwaka 1985: "Nyerere died in 1999. He had retired as president fourteen years earlier." Ukiandika "fourteen years ago" hapo, umemstaafisha miaka kumi na minne kabla ya siku hii tuliyokaa hapa.

Ndugu zangu, sasa tuingie kwenye "since" na "for". Hapa naomba mnivumilie, maana kosa la hapa linaweza kumnyima mtu kazi.

"Since" hutaja mwanzo: since 2019, since Monday, since I was born. "For" hutaja urefu: for five years, for two hours, for a long time. Kwa hiyo "since five years" haiwezekani, kwa sababu miaka mitano si mwanzo, ni urefu. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye kitenzi. Kwetu tunasema "Nipo hapa tangu 2019", au "Ninafundisha hapa, mwaka wa tano sasa." Ni wakati uliopo, na ni sahihi. Mtoto anavuka nao: "I am here since 2019." Kiingereza kinakataa. Jambo lililoanza zamani na bado linaendelea, ukitaja mwanzo wake au urefu wake, linadai "have": "I have been here since 2019."

Mwalimu mmoja yuko kwenye usaili. Anafundisha shule fulani kwa miaka mitano sasa, na bado yuko pale. Anaulizwa uzoefu wake. Akijibu "I taught there for five years", aliyemsikia anaandika kwamba ameshaondoka, na swali linalofuata ni "Why did you leave?" Anabaki ameduwaa, kwa sababu hajaondoka. Akijibu "I am teaching there for five years", msikilizaji anadhani ana mkataba wa miaka mitano na anaweza kumuuliza unaisha lini. Jibu linaloeleza hali yake ni moja: "I have been teaching there for five years." Sentensi tatu, urefu uleule, "for five years" ileile. Ya kwanza imemwondoa kazini, ya pili imempa mkataba asionao, ya tatu imemwacha alipo.

Upande wa pili wa kosa hilo uko uwanja wa ndege. Msafiri wetu ametua London. Ofisa wa uhamiaji anamuuliza "How long are you here for?" Yeye anasikia "Uko hapa kwa muda gani?", anahesabu tangu ndege iguse ardhi, anajibu "One hour." Ofisa alitaka kujua atakaa siku ngapi. Angetaka kujua amekuwepo tangu lini, angeuliza "How long have you been here?" Kitenzi kimoja kinatazama mbele, kingine kinatazama nyuma, na "how long" haijabadilika hata herufi.

Zoezi zuri la darasani ni kuchukua tukio moja mnalolijua wote na kuliandika mara nne. Tuchukue Muungano. "Tanganyika and Zanzibar united in 1964." "They united more than sixty years ago." "They have been one country since 1964." "They have been one country for more than sixty years." Mmeona kilichotokea kwenye kitenzi? Mbili za kwanza zina "united", mbili za mwisho zina "have been". Kuungana kulitokea mara moja kukaisha. Kinachoendelea ni kuwa nchi moja. Ndiyo maana "They have united since 1964" haisimami. Ni sawa na ndoa. Sisi tunasema "Wameoana tangu 2010", mtoto anaandika "They have married since 2010", kana kwamba harusi haijaisha mpaka leo. Ni "They have been married since 2010."

Hapohapo -me- inatuponza mara ya pili. "Amevaa kanzu." "Amesimama mlangoni." "Amechoka." Kiswahili kinatazama tendo lililokwisha na kukuonyesha lilichoacha. Mtoto anaandika "He has worn a kanzu", "He has stood at the door." Lakini unaeleza kinachoonekana sasa hivi, na "now" inadai kingine: "He is wearing a kanzu now", "He is standing at the door", "He is tired." Wafundisheni jaribio hili: kama unaweza kuweka "sasa" kwenye sentensi yako na mtu bado yuko katika hali hiyo, usikimbilie "have", ila kama umetaja mwanzo au urefu wa muda.

Jamani, tuvuke. Kuna mahali Kiswahili na Kiingereza vinapishana kabisa, napo ni kwenye maneno "kabla", "wakati" na "mpaka".

Sisi tunasema "Kabla hajafika." Kuna ukanushi pale, na ni mzuri, kwa sababu wakati huo kweli alikuwa bado. Kwenye Kiingereza "before" imeshaubeba ukanushi huo ndani yake. "Before he has not arrived" ni kosa. Ni "before he arrives" kwa yajayo, na "before he arrived" kwa yaliyopita.

Sisi tunasema "Atakapokuja nitamwambia", wakati ujao mara mbili. Kiingereza kinautaja mara moja tu: "When he comes, I will tell him." Baada ya "when", "before", "after", "until" na "as soon as" za wakati, usiweke "will".

Na "mpaka"! Fundi anamwandikia mfadhili wa kamati ya maji ya kijiji, asiyeelewa Kiswahili: "We will repair the pump until Friday." Alikusudia kwamba ikifika Ijumaa pampu itakuwa imepona. Mfadhili anaelewa kwamba mafundi wataendelea na matengenezo mpaka Ijumaa kisha waache, pampu iwe imepona au haijapona. "Until" ni kazi inayoendelea bila kukatika mpaka hapo: "The office is open until Friday." "By" ni ukomo wa kumaliza, si zaidi ya hapo: "We will repair the pump by Friday." Barua ikisema "Send the receipts by Friday", ukizipeleka Jumatano umetii. Maneno haya mawili yanastahili kipindi kizima, dakika arobaini zote.

Kuna maneno yetu yenye nyuso mbili, na kamusi ndogo mara nyingi huonyesha uso mmoja. "Hivi karibuni" inatazama nyuma na mbele: alikuja hivi karibuni, atakuja hivi karibuni. Kiingereza kimegawanya, nyuma ni "recently", mbele ni "soon". Ndiyo asili ya "I will come recently". "Mara moja" ni "once" na pia ni "at once". "Sasa hivi" ni "just" kwa aliyetoka punde, "He has just left", na ni "right away" kwa anayekuja. Na "bado": "Bado amelala" ni "He is still asleep." "Bado hajaamka" ni "He has not woken up yet." Kwa jambo linaloendelea tumia "still", kabla ya kitenzi kikuu au baada ya "is". Kwa jambo linalongojwa tumia "yet", nayo mara nyingi hukaa mwishoni. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana: mtoto akiona -ja-, isipokuwa ile ya baada ya "kabla", aandike "has not" au "have not", na "yet" mwishoni. Akiona -mesha-, aandike "already" katikati: "Ameshafika", "He has already arrived." Hata "Basi lilikuwa limeshaondoka" inavuka salama: "The bus had already left."

Lakini -wahi ina mtego. "Umewahi kufika Mombasa?" ni "Have you ever been to Mombasa?" Jibu si "I have ever been." Neno "ever" linapenda swali, na halikai kwenye jibu la ndiyo la kawaida. Jibu "Yes, I have", au "I have been there twice." Hujawahi? "I have never been there", bila "not", kwa sababu "never" imeshakanusha. Na tofautisheni "been" na "gone": "He has gone to Arusha" ni kwamba yuko huko au njiani, "He has been to Arusha" ni kwamba alikwenda akarudi.

Mahali pa vielezi vya mazoea sitakaa sana. "Always", "usually", "often", "never": kabla ya kitenzi kikuu, "She always comes late", baada ya "is" au "was", "She is always late", baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza, "She has always come late." "Every day" na wenzake hukaa mwanzoni au mwishoni. Inatosha.

Saa yetu haiwezi kuachwa. Saa mbili asubuhi ni "eight in the morning", tofauti ya saa sita, na kila mtu hapa anajua hivyo. Wengi husahau kwamba na siku inahama. Kijana wa mapokezi katika hoteli ya pwani anajua gari la uwanja wa ndege litakuja leo usiku saa nane. Anamwandikia mgeni: "Your car will come at eight tonight." Mgeni anashuka na mizigo saa mbili usiku yetu, anangoja, gari halipo, anarudi kulala. Gari linafika saa nane naye yuko usingizini. Kwa Kiingereza wakati huo ni "at 2 a.m. tomorrow", maana tarehe yao hugeuka saa sita usiku. Na "usiku wa kuamkia Ijumaa" ni "Thursday night". Aandike tarehe kamili pamoja na "a.m." au "p.m." kila mara. Tena leo asubuhi ni "this morning", leo usiku ni "tonight", jana usiku ni "last night". "Today morning" na "yesterday night" tuziache.

Sasa lile la kinyonga nililoahidi. Kesho mkiingia darasani saa mbili asubuhi, andikeni ubaoni "I have drunk tea this morning." Isomeni pamoja. Msiifute. Fundisheni masomo mengine yote, mzunguke pembeni yake. Watoto wakitoka kula, kipindi cha saa nane mchana, ulizeni: asubuhi bado ipo? Watasema imekwisha. Mpeni mmoja dasta na chaki. Wengi hufuta "have" wakarudi kukaa, na ubaoni inabaki "I drunk tea this morning." Msimsahihishe. Mwambieni aisome kwa sauti, polepole, kutoka mwanzo. Akifika "I drunk" mara nyingi husita mwenyewe, anarudi ubaoni, anafuta u kwa kidole, anaandika a.

Asanteni.